Wanaovua kwa kupenda Mombasa: mnafanya kazi gani, na zamu mnazipatanishaje na maji?

Mwana_wa_Likoni

Asalaam aleikum, na wakubwa shikamooni.

Swali ni kwa wanaovua kwa kupenda, si wa kuuza. Mnafanya kazi gani za kuwapa riziki, na kazi hizo zinawaachia maji kweli? Nasema maji, sisemi nafasi, kwa sababu Jumapili ya mapumziko na bahari imekauka mpaka mwambani si siku ya kuvua.

Nataka kuzijua kazi za kawaida za hapa mjini: bandarini, hotelini, ulinzi, hospitali, ualimu, tuktuk. Kubwa zaidi ni jeshi la wanamaji. Vijana wengi mtaani wanaamini ukishaingia kambi ya Mtongwe wewe na bahari hamuachani, utavua mpaka mkono uchoke. Ni kweli? Na anayetoka kazini moja kwa moja kwenda majini, abebe nini kisichomtia taabani getini wala kwenye feri?

Naomba majibu yenye saa na vipimo. "Inategemea" nimeshaisikia sana.

---

Chubwi_Tudor

Waaleikum salaam. Umeuliza jambo la maana, na jibu lake liko mwezini kabla halijafika kwenye kazi.

Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, hujaa saa 10. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, Kilindini hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, kisha hukauka mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Upepo wa kaskazi au wa kusi, ni hivyo hivyo. Maji mafu, kwenye tarehe 8 na 22 za mwezi wa kuandama, ni kinyume chake: hujaa mnamo saa 4 na kukauka mnamo saa 10. Bamvua kubwa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji mafu ni mita moja na kitu.

Kila siku maji huchelewa. Wengi hukariri dakika 50, lakini hiyo ni wastani tu. Karibu na bamvua huchelewa dakika 40 au chini, karibu na maji mafu huchelewa saa nzima na zaidi. Anayejumlisha dakika 50 kuanzia tarehe 1 atakuta ifikapo tarehe 5 amekosea kwa zaidi ya nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo samaki aitwaye changu alikuwa anakula. Kwa hiyo tumia hesabu ya kichwa kupanga wiki, na jedwali la maji la Kilindini kupanga siku yenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi. Anayetoka ofisini saa 11 jioni hufika majini kama saa 12 kasoro dakika 20. Anayoyataka ni maji yanayomalizia kujaa huku jua linatua, maana saa mbili za mwisho za kujaa na ile nusu saa ya kwanza ya kutoka ndizo zenye ulaji mwingi mwambani. Hayo huyapata tarehe 4 hadi 6, na tena 18 hadi 20. Siku nyingine atakuta ama maji yametoka, ama yamekauka. Watu wa ofisi wanaolalamika kwamba bahari imeisha samaki, wengi wao huenda Ijumaa yoyote iliyowaangukia bila kuutazama mwezi.

Mlinzi wa zamu ya usiku anayetoka saa 12 asubuhi, zake ni tarehe 6 hadi 8 na 20 hadi 22, maji yanapojaa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Ila huyu nampa sharti: asivue kwenye majabali ya Lighthouse na Mama Ngina akiwa hajalala. Kusi linapovuma, mawimbi hapo huja madogo matano, sita, kisha likaja moja kubwa linalopanda mpaka unaposimama. Mtu mwenye usingizi hulitazama likija na miguu haiondoki. Aende Tudor au upande wa kreki ya Mtwapa, akae chini.

Bandarini zamu huzunguka, na watu huuona huo ni ubaya wa kazi. Kwa mvuvi ni neema. Zamu ikibadilika, kila aina ya maji itakuangukia katika mwezi mmoja, mchana au usiku. Kosa la wafanyakazi wa bandari ni kudhani kwa kuwa wana kitambulisho cha geti basi wanaweza kutupa mshipi gatini. Magati ni eneo la ulinzi, na kamba za meli zikikaza ghafla hukata mtu. Usijaribu hata mara moja.

Hoteli ndiyo kazi inayokwenda kinyume kabisa na bahari. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ya nje hutulia, maji husafika, nguru na jodari husogea. Wakati huo huo vyumba vinajaa wageni na mapumziko yako yanasogezwa mbele. Likizo unapewa Mei na Juni, kusi limeshika na mvua ya masika imechafua kreki. Aliye hotelini ajifunze kuvua ndani ya kreki, asiote nguru.

Mwalimu ana Aprili, Agosti, na kufunga kwa mwisho wa mwaka. Agosti ni kusi, kwa hiyo ni ndani ya kreki tu. Mwisho wa mwaka ndio wake. Tuktuk nayo unajipangia saa mwenyewe, lakini hesabu ya mwenye chombo haijui bamvua: usiku wa abiria wengi ukiupeleka kwenye mshipi, kesho unaulipa.

Kwa aliyeajiriwa, jambo moja la sheria lisilotumiwa vya kutosha: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila miezi 12, na likizo hiyo inaweza kugawanywa kwa makubaliano na mwajiri. Mvuvi anayeichukua yote kwa mkupuo anapoteza wiki nzima ya maji mafu ndani yake. Omba siku tatu tatu, zinazoangukia tarehe zinazofaa saa zako.

---

Nanga_Mbili

Kijana, nitajibu la jeshi peke yake, maana huko ndiko kunakodanganywa watu.

Kenya haina jeshi la lazima, mtu huingia kwa hiari yake. Makurutu wa kawaida huchukuliwa kati ya umri wa miaka 18 na 26, na usajili ni bure. Anayekuomba pesa ili akuingize ni mwizi, na wewe ukimpa umetenda kosa pia.

La kwanza la kuelewa: unajiunga na Majeshi ya Ulinzi, huajiriwi na Mtongwe. Ndani yake kuna jeshi la nchi kavu, la anga na la maji, na anayepanga ni mkubwa, si wewe. Mafunzo ya kurutu ni Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Miezi hiyo hutaona hata kidimbwi cha kutupa ndoana. Mzaliwa wa Likoni anaweza kumaliza mafunzo akapelekwa mpaka wa kaskazini, na sauti ya mawimbi akaisikia kwenye simu tu.

La pili: jeshi la wanamaji, lililoundwa Desemba 1964, lina kambi yake kuu Mtongwe na nyingine ipo Manda, Lamu. Ukipangiwa huko una bahari mbele ya macho, naam, lakini si bahari ya kuvua. Ukanda wa maji wa kambi ni marufuku kwa chombo kisicho na ruhusa, na askari ndiye wa kwanza kuulinda. Meli ikitoka doria, saa zako zinagawanywa kwa zamu mchana na usiku, na zamu ikiisha kazi yako ni kulala. Mtu asiyelala ni hatari kwa wenzake kwenye mashine na kwenye deki.

Kinachobaki ni pasi, yaani ruhusa fupi ya kutoka kambini, na likizo. Hapo ndipo wanajeshi wanaovua hufanikiwa au hushindwa, na siri yake ni utaratibu tu. Pasi haiombwi kwa sababu ya mwezi, lakini ukishapewa tarehe, kaa na kalenda usiku huo huo uone maji yatajaa saa ngapi, uamue utavua wapi. Aliyepata siku mbili za maji mafu asipoteze nauli kwenda nje ya mwamba. Atafute kreki, atumie chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) nyepesi. Pia pasi hukatizwa. Usimlipe mwenye boti pesa zote mapema kwa siku ambayo si yako mpaka umeshatoka getini.

Vifaa usiviweke kambini kimya kimya. Ndoana na visu kwenye kabati la bweni huleta maswali wakati wa ukaguzi, na rodi ndefu haina pa kukaa. Wengi huviacha kwa jamaa mjini. Na picha: usipige samaki wako huku nyuma yako kuna meli ya jeshi, gati au mlingoti wa mawasiliano. Zima pia kuonyesha mahali kwenye simu. Picha ya samaki kolekole haina ubaya wowote mpaka iwe imeonyesha meli gani ilikuwa wapi siku gani.

Kuna watu wanalichanganya jeshi hili na Walinzi wa Pwani. Hiyo ni idara nyingine, iliyoundwa kwa sheria ya 2018, na miongoni mwa kazi zake ni kusimamia sheria za uvuvi. Ukiwa huko, mshipi wako binafsi unatazamwa na kila mvuvi uliyewahi kumkagua. Leseni na vipimo vyako viwe safi kuliko vya mtu yeyote.

Ubaharia wa meli za mizigo nao hausaidii kama watu wanavyodhani. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku 7. Hizo ni za mwili, na nahodha mwenye akili hataki kuziona zikiishia kwenye tezi, nyuma ya meli, na mshipi mkononi. Baharia huvua vizuri akiwa nyumbani kati ya mkataba na mkataba, na hapo kweli ana miezi mizima.

Faida ya jeshi kwa mvuvi ipo, nisiinyime haki yake. Utajua kuogelea kwa nguvu, kufunga mafundo gizani, kutumia redio ya VHF na kuisikiliza chaneli 16, ile ya wito wa dharura, na kusoma mawingu ya matlai kabla hayajakufikia. Lakini mtu aende jeshini kwa kuutaka ulinzi wa nchi. Aliyeingia kwa ajili ya samaki atakuwa askari mwenye kinyongo.

---

Dada_wa_Zamu

Kaka wa Likoni, umeuliza cha kubeba. Hilo linawahusu sana wa hospitali, maana zamu ikiisha mtu ana saa mbili tu na hataki kurudi nyumbani kwanza.

Kwenye feri na matatu, rodi ya kipande kimoja ni mateso kwako na kwa abiria. Nunua ya vipande vinne inayokunjika ikawa sentimita 70 hivi. Iingize kwenye kipande cha bomba la plastiki chenye kifuniko pande zote mbili. Kifuniko ni muhimu, maana vile vipete vya juu vya rodi huvunjika mfukoni kwanza kabla ya kitu kingine, na kipete kilichopasuka hata kama unywele hukata uzi siku ya samaki mkubwa. Kagua kwa kupitisha pamba ndani yake: ikinasa, kimepasuka. Rili ya saizi 4000, uzi wa kusuka wa nguvu ya pauni 20 hadi 30, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni pauni 40. Uzi wa kusuka peke yake hauhimili kusuguana na mwamba hata dakika.

Lakini kwa anayeanza, mshipi wa mkono ndio sahihi. Nailoni pauni 40, mita 80, umeviringwa kwenye kibao au chupa ya plastiki. Unaingia kwenye mkoba pamoja na sare ya kazi. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja sentimita 3, uvivae kwenye kidole cha shahada na kidole gumba. Kolekole wa kilo 3 akikimbia na nailoni yenye chumvi, kidole kitupu hukatika mpaka nyama nyeupe, na aliyekatika kidole hagusi mgonjwa kesho.

Namna ya kufunga, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea mwambani: chini kabisa chubwi, gramu 60 penye mkondo, 30 penye utulivu. Juu yake matawi mawili ya sentimita 20, yameachana sentimita 40, kila moja na ndoana. Sasa chubwi usiifunge kwa uzi ule ule. Ifunge kwa kipande cha nailoni dhaifu, pauni 12, urefu wa shubiri moja. Chubwi ikinasa kwenye jiwe, vuta: kitakatika kile kipande tu, na ndoana na samaki vitarudi. Wanaofunga kila kitu kwa uzi mmoja huacha mshipi mzima baharini, na ule mshipi hubaki kule ukinasa kasa na samaki kwa miaka.

Ndoana: changu saizi 1/0, akiwa mdogo shuka. Tafi anataka ndogo, namba 8 au 10, na chambo chake ni mwani au unga wa ngano uliokandwa ukashika. Watu humtupia tafi ngisi halafu wanasema hayupo. Yupo, anakula majani. Miiba yake ina sumu, ya mgongoni na ya tumboni pia. Ukichomwa, tia kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Yapime kwanza kwa mkono usiochomwa, kwa sababu uliochomwa hausikii vizuri na utaunguzika. Uvimbe ukipanda au mwiba ukabaki ndani, nenda ukatazamwe. Na bunju usimpeleke nyumbani kwa hali yoyote, hata kama kuna anayedai anajua kumsafisha. Sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Chambo cha mtu wa zamu ni cha chumvi. Kilo moja ya ngisi au kibua, kata vipande vya sentimita 1 kwa 5, changanya na gramu 250 za chumvi ya mawe, weka kwenye chujio juu ya bakuli usiku mmoja maji yatoke, kisha funga kwenye mkebe. Nyama inakaza kama ngozi, changu mdogo hawezi kuichomoa kwenye ndoana, na haivundi kabatini mwa kazini siku mbili au tatu. Usipoyamwaga yale maji kitaoza na chumvi yake.

Mikono: sabuni, kisha ndimu na majivu, kusugua kucha. Fundi wa gereji afanye hivyo kabla ya kuvua pia, kwa sababu harufu ya dizeli kwenye chambo humfukuza samaki kweli.

---

Mwana_wa_Likoni

Ahsanteni sana, dada na wazee wangu. Nimeelewa. Nina mawili madogo. Wa zamu ya saa 12 aliyebakiwa na maji mafu tu, avue wapi na vipi? Na rili yangu baada ya miezi miwili inakwaruza. Kila nikirudi naipiga maji ya bomba vizuri.

---

Chubwi_Tudor

La rili kwanza: hayo maji ya bomba ndiyo yanayoiua. Maji ya kasi huisukuma chumvi ndani ya beringi badala ya kuitoa. Kaza breki ya rili mpaka mwisho ili maji yasiingie kwenye vile visahani vya breki, inyunyizie maji matamu kidogo kidogo kama mvua ya rasharasha, ifute kwa kitambaa, kisha ilegeze breki kabisa na uiache kivulini. Ukiiacha imekazwa wiki nzima, visahani vitashikana na siku samaki akivuta haitaachia uzi. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine kwenye roda ya uzi na kwenye mkono wa kuzungushia, kila safari tatu. Kama imeshaanza kukwaruza, beringi ya hapo kwenye roda ndiyo ya kwanza kutazamwa, nayo hubadilishwa peke yake. Usitupe rili nzima. Na ndoana iliyolowa isirudi kwenye kikasha cha zilizo kavu, moja hutia kutu zote.

Maji mafu: mkondo umelala, kwa hiyo samaki haletewi chakula, nawe lazima umfuate penye kina kisichokauka. Tafuta mkondo mkuu wa kreki, ule unaobaki na maji hata bamvua ikikauka. Upande wa Tudor utauona mchana wa bamvua saa 4 asubuhi: nenda bila mshipi, tazama palipobaki buluu, weka alama kwa mti au jengo la ng'ambo. Siku ya maji mafu rudi ukatupe hapo hapo. Chubwi gramu 20 hadi 30, uzi mwembamba zaidi, chambo kidogo kilicho hai, kamba wa baharini aliye hai ndiye bora. Saa ya maji kusimama usihangaike, badilisha chambo upumzike. Chaa na changu wadogo hula maji yanapoanza tu kujongea, na ulaji wenyewe ni mdondoo mwepesi, si mvuto. Acha mshipi ukae juu ya kidole, usiushike kwa ngumi.

Kabla ya kwenda upande wa Nyali na Bamburi, jua mpaka ulipo. Hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986 ina sehemu mbili: ile ya ndani ya kilomita za mraba 10 hakuna uvuvi wowote, hata wa mshipi mmoja, na ile ya nje inayoizunguka inaruhusu uvuvi wa kienyeji. Kutoka ufukweni hutauona mpaka huo kwa macho. Pita kwanza kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo husika, watakuonyesha alama zake na watakueleza leseni inayokuhusu kama huuzi.

---

Nanga_Mbili

Naongeza hilo la usiku, kwa sababu wa zamu huvua usiku mara nyingi. Taa ya kichwa yenye mwanga mwekundu, ili macho yasizoee mwanga mkali. Viatu vyenye soli ngumu, usivae ndara mwambani. Mwambie mtu mmoja nyumbani mahali ulipo na saa utakayoondoka. Usivue chini ya njia ya feri wala karibu na mwanya wa Likoni meli inapopita: mgongo wa maji yake hufika ukingoni dakika chache baadaye, meli ikiwa imeshaondoka na wewe umeshaisahau.

---

Mwana_wa_Likoni

Nimeandika yote. Mwezi ukiandama nitakwenda Tudor saa 4 asubuhi bila mshipi, nikaweke hizo alama.